Konrad Zuse: fundi aliyeijenga kompyuta yake mara mbili

Nani aliijenga kompyuta ya kwanza? Swali hili hutufikia studioni mara kwa mara, na jibu lake si fupi. Waingereza wana mtu wao, Wamarekani wana wao. Leo tunasimulia maisha ya Mjerumani, Konrad Zuse, aliyeanza kuunda mashine yake sebuleni kwa wazazi wake katika miaka ya 1930. Vita ikaiteketeza. Dunia ilipokuja kujaa kompyuta, Zuse alirudi akaijenga tena ile ile ya zamani, kipande kwa kipande, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 75.

Kwa nini mzee ajisumbue kujenga mashine ambayo hata kikokotoo cha dukani kinaishinda? Tufuatane naye tangu mwanzo.

Mtoto wa mfanyakazi wa posta

Konrad Zuse alizaliwa Berlin tarehe 22 Juni 1910. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa posta, na kama ilivyo kwa watumishi wengi wa serikali, familia ilihama kila baba alipohamishwa. Walikwenda kwanza Braunsberg, mji ambao leo uko nchini Poland na unaitwa Braniewo. Baadaye wakahamia Hoyerswerda, mashariki mwa Ujerumani. Huko ndiko Konrad alikomaliza sekondari mwaka 1928.

Alikuwa kijana wa mambo mawili: kuchora na kuunda vitu. Alipofika chuo cha ufundi cha Charlottenburg, Berlin, alisitasita kuhusu fani ya kusomea, mwisho akatulia kwenye uhandisi wa ujenzi. Alihitimu mwaka 1935.

Hapo ndipo tatizo lililobadilisha maisha yake lilipomkuta. Mhandisi anayechora daraja au paa kubwa ni lazima ajue kila boriti itabeba uzito gani. Siku hizo hesabu hizo zilifanywa kwa mkono, karatasi baada ya karatasi. Ukikosea namba moja juu, zote za chini zinaharibika.

Zuse aliona jambo moja. Hatua za hesabu hizo hazibadiliki. Zidisha hiki kwa kile, jumlisha na kile, weka jibu pembeni, kisha endelea. Kinachobadilika ni namba tu. Kama hatua hazibadiliki, akawaza, basi zinaweza kuandikwa mahali na mashine ikazifuata yenyewe. Hakuwa amesoma habari za Mwingereza Charles Babbage, aliyewaza mashine ya namna hiyo karne moja kabla yake. Alianza bila kujua kwamba kuna aliyemtangulia.

Sebule yageuka karakana

Baada ya chuo, Zuse aliajiriwa katika kiwanda cha ndege cha Henschel, nje kidogo ya Berlin. Hakukaa. Mwaka 1936 aliacha kazi na kuwaambia wazazi wake kwamba anataka kujenga mashine ya kufanya hesabu nyumbani kwao. Wazazi wengi wangeuliza kama kijana ana akili timamu. Hawa wakampa sebule. Wao, dada yake na marafiki wa chuoni wakachanga na pesa.

Uamuzi wake mkubwa wa kwanza ulihusu namba. Mashine za hesabu za wakati huo zilitumia magurudumu ya meno yenye nafasi kumi, kuanzia 0 hadi 9, kwa sababu binadamu huhesabu kwa makumi. Zuse aliachana na makumi. Alitumia nafasi mbili tu: 0 na 1. Fikiria swichi ya taa ukutani. Ama imewashwa, ama imezimwa, haina nafasi ya katikati. Ukipanga swichi nyingi kwa mstari, unaweza kuandika namba yoyote unayoitaka. Simu uliyoishika sasa hivi inafanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Lakini Zuse hakuwa na swichi za umeme za kutosha. Alitumia vipande vyembamba vya bati. Kipande kikisukumwa upande mmoja ni 1, kikirudi upande wa pili ni 0. Kipande kimoja kinasukuma kingine kupitia pini ndogo, na hicho kinasukuma cha tatu. Marafiki zake walikuja jioni na kukata bati kwa misumeno midogo ya mkono. Vilihitajika maelfu ya vipande.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuigawa mashine. Upande mmoja aliweka kumbukumbu, yaani mahali pa kutunzia namba. Upande mwingine aliweka sehemu ya kukokotoa. Chukulia ghala na jiko: unga unakaa ghalani, unaletwa jikoni upikwe, na kinachobaki kinarudi ghalani. Simu na kompyuta za leo zimegawanywa hivyo hivyo, kumbukumbu huku na prosesa kule.

Na hatua za hesabu je, aliziandika wapi? Kwenye filamu ya sinema iliyokwisha kutumika. Alitoboa matundu kwenye ule mkanda, na mashine ikayasoma matundu safu moja baada ya nyingine. Hiyo ndiyo ilikuwa programu yake.

Mwaka 1938 mashine ilikamilika. Leo tunaiita Z1. Kumbukumbu yake ilifanya kazi vizuri. Sehemu ya kukokotoa ilisumbua, kwani bati zilikwama, na ukilazimisha moja zinapinda tatu. Wazo lilikuwa sahihi, lakini bati halikuwa kifaa cha kulibeba.

Mlio wa rilei 2,000

Rafiki yake mmoja, Helmut Schreyer, alikuwa mtaalamu wa umeme. Alimshauri atumie vali za kioo, zile zilizokuwa ndani ya redio za zamani. Vali ni za kasi sana, ila zingehitajika nyingi mno, na wakati ule hakuna aliyeamini kwamba vali kwa maelfu zinaweza kuwaka pamoja bila kuungua kila mara. Zuse akachagua njia ya katikati: rilei.

Rilei ni swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Kama umewahi kupanda gari la zamani, dereva akawasha taa ya kukata kona na ukasikia mlio wa tik, tak, umeisikia rilei ikifanya kazi. Siku hizo zilitumika kwa wingi kwenye mitambo ya simu, na Zuse aliweza kupata zilizokwisha kutumika.

Alianza na mashine ya majaribio, Z2, akaunganisha rilei na kumbukumbu ya bati ya ile ya kwanza. Wataalamu wa taasisi ya utafiti wa ndege ya Ujerumani waliiona mwaka 1940 na wakakubali kumsaidia pesa za kujenga kubwa zaidi.

Tarehe 12 Mei 1941, mjini Berlin, Zuse aliwaonyesha wataalamu wachache mashine iliyoitwa Z3. Ilikuwa na rilei zipatazo 2,000. Kumbukumbu yake ilitunza namba 64, basi. Kujumlisha namba mbili kulichukua chini kidogo ya sekunde moja, kuzidisha kulichukua sekunde tatu hivi. Moyo wake ulipiga mara tano hadi kumi kwa sekunde, wakati prosesa ya simu ya kawaida leo hupiga zaidi ya mara bilioni moja.

Usiidharau. Mashine hiyo ilisoma programu, ikachukua namba kutoka kwenye kumbukumbu, ikazikokotoa na kurudisha jibu bila mtu kuingiza mkono katikati. Ilimudu namba kubwa sana na namba ndogo sana zenye desimali. Kilichokosekana ni amri ya kuchagua njia, ile ya kusema kama jibu ni sifuri basi fanya hivi, la sivyo fanya vile. Ilifuata mkanda mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo, wanahistoria wengi wanakubali kwamba Z3 ilikuwa mashine ya kwanza duniani ya kukokotoa iliyoongozwa na programu, ikafanya kazi kweli.

Kivuli cha vita

Hapa hatuwezi kupita kimya. Mwaka 1941 Ujerumani ilikuwa chini ya utawala wa Hitler, na vita ilikuwa imepamba moto. Zuse aliitwa jeshini mwaka 1939. Baada ya miezi kadhaa akaachiwa arudi Henschel, kiwanda kilichokuwa kikitengeneza mabomu ya kuruka yanayoongozwa kutoka kwenye ndege. Mabawa ya mabomu hayo hayakutoka kiwandani sawasawa, hivyo kila moja lilipimwa na kufanyiwa hesabu ya marekebisho. Zuse aliunda mashine maalumu, iliyoitwa S1, ya kufanya hesabu hizo.

Kwa hiyo ustadi wake ulitumika kuua, naye alilijua hilo. Sisi tunaosimulia sifa zake ni haki tuliseme na hili.

Moto ule ule wa vita ukamrudia. Tarehe 21 Desemba 1943, ndege za Uingereza na washirika wake zikiishambulia Berlin, Z3 iliteketea. Z1 nayo iliangamia katika mashambulizi ya vita hiyo, pamoja na michoro yake. Kazi ya miaka saba ikawa vifusi na vyuma vilivyopinda. Nje ya Ujerumani karibu hakuna aliyekuwa amesikia habari zake.

Ilibaki moja, Z4, iliyokuwa bado inajengwa. Mapema mwaka 1945, Zuse akiwa ndiyo kwanza amemuoa Gisela Brandes, mashine hiyo ilifungwa na kuondolewa Berlin. Ilisafirishwa hadi Göttingen, kisha kwa lori hadi vijiji vya milimani kusini kabisa mwa Ujerumani, ikafichwa huko mpaka vita ikaisha. Awali Zuse aliziita mashine zake V1, V2, V3 na V4, herufi V ikisimamia neno la Kijerumani lenye maana ya majaribio. Lakini Hitler alikuwa na silaha zilizoitwa V1 na V2. Baada ya vita Zuse akabadilisha V kuwa Z, herufi ya kwanza ya jina lake, watu wasije wakazichanganya.

Kijijini hakukuwa na rilei wala wateja. Zuse alitumia wakati huo kuandika kwenye karatasi lugha ya kuiagiza kompyuta, akaiita Plankalkül. Ilikuwa miongoni mwa lugha za mwanzo kabisa za programu duniani, lakini ilichapishwa kwa ukamilifu mwaka 1972, wakati wengine wamekwisha kubuni zao na kupata majina.

Kiwanda, mkopo na mahakama

Mwaka 1949 profesa mmoja kutoka chuo kikuu cha ufundi cha Zurich, Uswisi, alifunga safari kuja kuiona Z4. Aliipa hesabu, ikajibu sawasawa. Mwaka uliofuata Z4 ilipelekwa Zurich kwa kukodishwa, ikafanya kazi huko hadi 1955. Kwa pesa hizo na nyingine Zuse alianzisha kampuni yake, Zuse KG. Iliajiri mamia ya watu na kutengeneza kompyuta 251 kwa jumla, nyingi zikienda kwa wapima ardhi, watengenezaji wa lenzi na vyuo vikuu.

Lakini kampuni ilikua haraka kuliko mfuko wake. Kutengeneza kompyuta mpya kulidai mikopo, na mikopo ilidai kulipwa. Mwaka 1964 ilichukuliwa na kampuni nyingine, na mwaka 1967 ikaingia mikononi mwa Siemens. Mwasisi akatoka akiwa hana kampuni.

Mwaka huo huo wa 1967 lilikuja pigo lingine. Zuse alikuwa ameomba hatimiliki ya Z3 tangu mwaka 1941. Hatimiliki ni karatasi inayosema kitu hiki kilibuniwa na fulani, na anayetaka kukitumia amlipe. Vita ilichelewesha ombi hilo, kisha kampuni kubwa zikalipinga. Baada ya miaka 26 mahakama ya hatimiliki ya Ujerumani ilitoa uamuzi: haikukana kwamba mashine ilikuwepo, ila iliona kwamba ubunifu uliomo hautoshi kupewa hatimiliki. Zuse hakupata chochote.

Na kwenye vitabu vingi vya wakati ule, historia ya kompyuta ilianza na mashine za Marekani: Mark I ya chuo kikuu cha Harvard ya mwaka 1944, na ENIAC iliyoonyeshwa hadharani mwaka 1946. Mtu wa Berlin hakuwemo, au alitajwa kwa mstari mmoja.

Kuijenga tena

Sasa tunafika kwenye swali letu la mwanzo. Unapodai kwamba uliwahi kuwa na mashine inayofanya kazi, mashine yenyewe imeungua na mashahidi wachache wanazeeka, utafanya nini?

Zuse alichagua kuonyesha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni yake ikiwa bado hai, alisimamia ujenzi wa Z3 mpya inayofuata ile ya zamani. Karatasi za ombi la hatimiliki la 1941 zilikuwa zimepona, na ndani yake mna maelezo ya jinsi mashine ilivyofanya kazi. Mashine hiyo mpya iko Munich, katika jumba la makumbusho ya ufundi la Deutsches Museum. Z4 halisi, ile iliyojificha milimani, nayo iko humo.

Z1 ilikuwa ngumu zaidi. Michoro haikuwepo, mafundi wa jioni walikuwa wametawanyika, na bati zile hazifanani na kitu chochote kinachouzwa dukani. Ramani ilibaki mahali pamoja tu, kichwani mwa Zuse. Mwaka 1986, akiwa na miaka 76, alikaa kwenye meza ya kuchorea nyumbani kwake na kuanza upya. Alichora bati baada ya bati, akisaidiwa na vijana waliokata na kufunga. Kazi ilichukua miaka mitatu. Mwaka 1989 Z1 ikawekwa katika jumba la makumbusho ya ufundi la Berlin, mji ule ule ilikozaliwa. Hata ile mpya haikuwa nyepesi kuendesha. Ilikwama kama mama yake.

Kukwama huko nako kuna somo. Mtu akiona Z1 ikikwama, anaelewa mara moja kwa nini Zuse alihamia kwenye rilei. Kitabu kinaweza kusema hivyo, lakini mashine inamwonyesha kwa macho.

Wanaofanya hivyo leo

Zuse hakuwa wa mwisho. Ulaya na Marekani wapo watu ambao jioni baada ya kazi hukusanya kompyuta za miaka ya 1990 na kuziunganisha upya. Wengine hutafuta seva, yaani kompyuta kubwa zilizohudumia ofisi nzima, hasa zile zenye prosesa mbili kwenye ubao mmoja. Halafu huzirudishia mfumo endeshi wa enzi zake, kwa mfano Windows NT 4.0 ya mwaka 1996. Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoamsha mashine na kuzigawia kazi sehemu zake, kama Android kwenye simu nyingi.

Kwa nini wasiweke programu mpya? Kwa sababu mashine na mfumo wake ni kama mguu na kiatu. Mfumo mpya hauvitambui tena vifaa vya zamani. Na si kila mfumo wa zamani unafaa. Windows 98 ukiiweka kwenye kompyuta yenye prosesa mbili itatumia moja tu, ya pili italala. Windows NT ilijua kuzifanyisha kazi zote mbili. Mambo kama haya mtu huyajua akijenga. Asipojenga mtu yeyote, ujuzi huo unazikwa pamoja na mafundi wa wakati ule, na kumbukumbu zilizoandikwa kwenye mashine hizo zinabaki zimefungwa.

Kufunga hesabu

Konrad Zuse alifariki dunia tarehe 18 Desemba 1995 mjini Hünfeld, Ujerumani, akiwa na miaka 85. Katika uzee wake alirudia kuchora, kazi aliyoipenda tangu utotoni, na moja ya picha zake za mwisho ilikuwa ya Bill Gates wa Microsoft. Heshima aliyonyimwa mahakamani ilimfikia kwa njia nyingine. Vyuo vikuu vilimtunuku shahada, na taasisi ya hesabu na kompyuta ya Berlin ikapewa jina lake.

Mashine aliyoijenga mara ya pili haikumrudishia pesa wala miaka. Iliweka mezani kitu ambacho mtu anaweza kukiona, kukisikia kikilia tik tak, na kukihoji. Lakini ilibakia bahati tu. Kama Zuse angefariki mwaka 1985, Z1 isingejengwa kamwe kama alivyoijua yeye, kwa kuwa mchoro wake ulikuwa kichwani mwa mtu mmoja.

Nasi tunawaachia swali, wasikilizaji wetu. Mashine ya kusaga iliyopo kijijini kwenu, pampu ya kisima, redio ya mbao ya babu: ni nani anayejua kuitengeneza ikiharibika, na je, yupo kijana aliyekaa karibu naye akamtazama anavyofanya? Kama yupo mmoja tu anayejua, mwendeeni akiwa bado ana nguvu. Chukueni karatasi, achore.